Shangazi wa Daftari: Karatasi Yenye Mhuri Haijumlishwi

Mwezi huu barua zimezidi nafasi. Nadhani ni msimu: korosho zikianza kwenda mnadani, kila mtu kuanzia Tandahimba mpaka Kilwa anakumbuka kwamba ana akaunti benki. Kwa wanaonisoma leo mara ya kwanza, jina la Shangazi nimebandikwa na wahariri. Mambo ya mume aliyehamia kwa jirani yapo ukurasa mwingine. Mimi nilikuwa karani wa hesabu wa chama cha msingi kwa miaka 22, sasa nina steshenari Chikongola, hapa Mtwara mjini, na ninachokijua ni daftari.

*Shikamoo Shangazi. Nina duka la vipuri vya pikipiki Masasi. Kila mwisho wa mwezi naomba taarifa ya akaunti, benki wananipa karatasi zenye mhuri, mara nyingine PDF kwa barua pepe. Usiku nakaa kuiandika upya kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Mwezi uliopita ilikuwa mistari 214. Nikimaliza, nimepishana na benki kwa shilingi 27,000, na mpaka leo sijaziona. Mpwa wangu aliyeko Dar anasema nitumie programu ya hesabu ya bure iitwayo GnuCash, eti itaongea na benki yenyewe. Ni ya bure kweli? Na itaongea na benki?*
Muuza vipuri, Masasi

Marahaba mwanangu. Tuanze na hizo 27,000 maana ndizo zinazokunyima usingizi.

Zigawe kwa 9. Unapata 3,000 kamili, hakuna kinachobaki. Tofauti inayogawanyika kwa tisa mara nyingi huwa ni tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi mkono ukiwa umechoka. Kwa kuwa jibu ni 3,000, tafuta kiasi ambacho tarakimu ya makumi elfu na ile ya elfu zimepishana kwa tatu: 36,000 uliyoiandika 63,000, au 58,000 iliyogeuka 85,000. Na usisahau sifuri iliyozidi: 3,000 ikiandikwa 30,000, tofauti ni hiyo hiyo 27,000. Kati ya mistari 214 nadhani inayofanana na hiyo haitazidi kumi na tano. Anza na hiyo.

Ujanja huu sikuufundishwa darasani. Msimu mmoja chamani nilipishana kwa 45,000, nikakesha siku tatu, mwenyekiti akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Mkaguzi alipofika aliichukua ile tofauti, akaigawa kwa tisa kwenye kiganja cha mkono wake kwa kalamu, akasema, "Mama, umegeuza namba." Mkulima wa 161,000 nilikuwa nimemwandika 116,000. Nilifurahi, halafu nikaona aibu, halafu nikauliza kwa nini mimi ninaandika tena kitu ambacho benki imeshakiandika mara moja.

Swali hilo ndilo lako pia, ila umelificha nyuma ya GnuCash.

Ndiyo, ni ya bure. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1998, inakubali Windows, Linux na Mac, na ni programu huria: msimbo wake uko wazi, anayeweza kuusoma anausoma, anayeweza kuurekebisha anaurekebisha na kuwapa wengine. Hakuna leseni ya kulipia kila mwaka, wala hakuna siku utakayofungua ukakuta imefungwa mpaka ulipe. Mimi naitumia kwa Kiingereza na sioni taabu, maana maneno ni yale yale tuliyosomeshwa kwenye uwekaji hesabu. Ndani yake kila pesa ina pande mbili. Tairi za 400,000 ukizinunua, 400,000 inatoka kwenye akaunti ya benki na 400,000 inaingia kwenye stoo. Si mtindo mpya: mtawa wa Kiitalia Luca Pacioli aliuchapisha kitabuni Venice mwaka 1494, akieleza namna wafanyabiashara wa pale walivyokuwa wakiandika tayari.

Kuongea na benki yenyewe, hapo mpwa wako amechanganya nchi. Wajerumani, ambao hapa walituachia Boma la Mikindani la 1895, kule kwao wana kitu kinachoitwa FinTS, ambacho miaka ya 1990 kilianza kwa jina la HBCI. Ni makubaliano kati ya benki zao: benki ikipokea ombi lililoandikwa hivi, itajibu hivi. Kwa sababu makubaliano hayo yamechapishwa hadharani, watu wameweza kuandika maktaba huria, yaani kipande cha programu kinachotumiwa na programu nyingine, iitwayo AqBanking, GnuCash ikaiazima. Basi Mjerumani anabonyeza kitufe nyumbani kwake, programu inagonga mlango wa benki, benki inamwomba namba ya siri ya kutumika mara moja, na miamala inashuka. Marekani nao wana OFX, iliyotolewa mwaka 1997 na Microsoft, Intuit na CheckFree, inayofanya kazi inayofanana na hiyo. Si kwamba benki zao zina huruma kuliko za kwetu. Walikaa wakakubaliana namna ya kuandika, basi.

Wewe ukiwa Masasi usisubiri kitufe hicho. Daraja lako ni faili. Kile unachopewa sasa kinasomwa na macho tu. Karatasi yenye mhuri ni nzuri sana kumpelekea afisa mikopo, lakini haijumlishwi. PDF nayo ni za aina mbili. Ifungue, jaribu kuburuta kipanya juu ya namba. Maandishi yakipakwa rangi, bado kuna matumaini: ipo programu huria nyingine, Tabula, iliyotengenezwa kwa ajili ya waandishi wa habari waliochoka kunakili majedwali ya serikali kwa mkono. Inatoa jedwali ndani ya PDF na kulifanya faili la kawaida, humo humo ndani ya kompyuta yako. Maandishi yasipopakwa rangi, hiyo ni picha iliyopigwa kwa skana, na Tabula haitakusaidia. Na tafadhali usiipeleke taarifa ya benki yako kwenye zile tovuti za kubadilisha PDF bure. Unakuwa umempa mtu usiyemjua majina ya wateja wako wote na salio lako juu.

Dawa yenyewe ni kwenda benki na kuomba kwa jina. Ukisema "naomba steitimenti", keshia atakuchapia karatasi, na hana kosa. Andika barua ya mistari mitatu: naomba taarifa ya akaunti namba fulani, tarehe fulani hadi fulani, kwa faili la OFX, kama halipo, MT940, kama halipo, CSV, PDF peke yake hainitoshi. OFX ndiyo tamu kuliko zote, sababu utaiona kwenye barua ya Newala. MT940 ni muundo wa zamani wa SWIFT, mtandao unaounganisha benki, ambao benki huwapa makampuni makubwa, na GnuCash inausoma. CSV, maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mikato, ni ya kimaskini, lakini ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kupatikana. Kama una huduma ya benki ya mtandaoni, kabla ya kupanga foleni tazama pale palipoandikwa kupakua. Mteja wangu mmoja alikuwa na kitufe cha CSV miaka miwili bila kukibonyeza, kwa kuwa kiliandikwa kwa herufi ndogo chini ya kile cha PDF.

*Shikamoo Shangazi, pole na kazi. Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama Mikindani, tuko 30. Nimefanikiwa kupata hiyo CSV benki. Nikaifungua kwa Excel, mambo yakaharibika. Namba ya akaunti imekuwa 1.52E+11. Tarehe nyingine ziko kushoto, nyingine kulia. Kuna mama aliyeweka mwezi wa tatu, sasa anaonekana ameweka mwezi wa nne, na kikao ni Jumapili. Nikijumlisha safu ya walioweka, jibu ni sifuri. Faili ni bovu?*
Mweka hazina, Mikindani

Marahaba mdogo wangu. Faili ni zima. Aliyekuharibia ni huyo mkalimani asiyeombwa.

CSV ni maandishi matupu. Kila mstari ni muamala mmoja, na kati ya kipengele na kipengele kuna alama ya mkato, ndiyo hivyo tu. Mwaka 2005 watu wa intaneti waliandika waraka namba 4180 kueleza namna ya kuiandika vizuri, lakini waraka huo hausemi tarehe iandikweje, wala pesa iandikweje, wala safu ipi ianze. Kila benki inapika kivyake. Excel ikipokea chakula hicho bila maelezo, inakisia, na inakisia kwa mipangilio ya kompyuta yako, ambayo aliyekuuzia huenda aliiacha kwenye Kiingereza cha Marekani.

Mmarekani anaanza na mwezi. Yule mama wa kikoba aliweka 04/03/2024, yaani tarehe nne mwezi wa tatu. Kompyuta ikasoma Aprili 3, ikaridhika, ikaiegemeza kulia kama inavyofanya kwa tarehe zote. Ilipofika 25/03/2024 ikakosa mwezi wa ishirini na tano, ikaiacha kama maandishi, upande wa kushoto. Kwa hiyo uzitazame hivi: zilizoko kushoto hazijaeleweka kabisa, na zilizoko kulia zimeeleweka vibaya. Hizo za kulia ndizo za hatari, maana zinaonekana safi. Nimewahi kuona kikoba kikimtoza mtu faini ya kuchelewa kwa sababu hiyo hiyo, mtu aliyelipa mapema kuliko wote.

Namba ya akaunti, 1.52E+11, ni Excel imeifanya kiasi na kuifupisha. Na kama ilianza na sifuri, ile sifuri imeshadondoka. Afadhali hiyo utaiandika upya. Inayouma ni namba ya kumbukumbu ya muamala ikiwa ndefu: Excel inashika tarakimu 15 tu, zinazofuata zote inazigeuza sifuri. Ukihifadhi faili baada ya hapo, zimepotea, hazirudi.

Jumla kuwa sifuri maana yake kiasi kimeingia kama maandishi. Labda benki imeandika 1,250,000.00 na kubandika CR (alama ya pesa iliyoingia) pembeni, au kuna nafasi tupu mbele ya namba. Shukuru pia kwamba benki yako ilizifunga pesa kwa alama za mtajo. Wasingefanya hivyo, ile mikato ya maelfu ingevunja milioni moja na robo kuwa safu tatu: 1, halafu 250, halafu 000.00.

Sasa fanya hivi. Lile faili la benki usiliguse. Nakili moja iende kwenye flashi. Weka LibreOffice, programu ya majedwali kama Excel, nayo ni huria na ya bure. Ukifungua CSV kwa LibreOffice, kabla ya chochote inakuletea dirisha la maswali, na watu wengi hubonyeza sawa wakapita. Wewe usipite. Bonyeza kichwa cha safu ya tarehe, chagua mpangilio wa siku, mwezi, mwaka. Safu ya akaunti na ya kumbukumbu, chagua maandishi. Ndipo ukubali.

Kisha jaribio moja kabla ya kikao. Chukua salio la kufungua, jumlisha walioweka, toa waliotoa na makato. Lazima upate salio la kufunga lililoandikwa na benki, mpaka shilingi ya mwisho. Ile MT940 niliyomtajia wa Masasi imewekewa jambo hili ndani yake: salio la mwanzo lina mstari wake, la mwisho lina mstari wake, na programu ikikuta hesabu haifungi itajua kuna ukurasa umepotea. CSV haina ulinzi huo, mlinzi ni wewe.

Na yule mama mwombeni radhi Jumapili mbele ya wenzake, kama alivyosemwa mbele ya wenzake.

*Shangazi shikamoo. Ni karani wa AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, huku Newala. Nilipakia CSV ya Oktoba kwenye GnuCash vizuri. Baadaye nikapakua nyingine ya kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Novemba, nikapakia. Malipo ya wiki mbili yamejirudia. Rafiki amenishauri nifute kila mstari unaofanana tarehe, kiasi na maelezo. Nifute?*
Karani, Newala

Marahaba. Usifute!

Fikiria orodha yako ya malipo baada ya mnada. Ndugu wawili wa nyumba moja, kila mmoja kapeleka gunia mbili, kilo zikalingana, bei ni moja, wakalipwa siku moja. Kwenye taarifa ya benki mistari yao inaweza kufanana kama mapacha: tarehe ile ile, kiasi kile kile, maelezo "malipo ya korosho". Rafiki yako atakufutia mmoja wao, na mzee huyo atakuja ofisini na fimbo.

Hapa ndipo utamu wa OFX ulipo. Ndani ya faili la OFX kila muamala umevaa vitambulisho: kiasi kimeandikwa penye TRNAMT, tarehe penye DTPOSTED kwa kuanza na mwaka, mfano 20241015, hivyo hakuna cha Mmarekani wala Mtanzania. Halafu kuna FITID, namba ambayo benki inautolea muamala huo mmoja na hairudiwi ndani ya akaunti hiyo. GnuCash ikisoma FITID inaihifadhi. Ukileta tena faili lenye wiki mbili zile zile, inatambua kwamba hawa nimeshawaona, na mapacha wako wawili wanabaki wawili kwa kuwa kila mmoja ana namba yake. Watengeneza OFX walijua watu watapakua faili zinazolaliana, maana binadamu ndivyo alivyo. Muundo uliotangulia, QIF, haukuwa na namba hiyo, na tarehe zake zilikuwa na utata ule ule wa Mikindani.

Kama benki yako haina OFX, angalia kama CSV yao ina safu ya namba ya kumbukumbu. Unapopakia, iambie GnuCash kwamba safu hiyo ndiyo namba ya muamala, ionekane kwenye daftari. Halafu panga faili kwa namba hiyo: inayojitokeza mara mbili ndiyo ya kufuta. Lakini chunguza kwanza, kuna benki ambazo malipo na makato yake yanashiriki kumbukumbu moja. Hapo kumbukumbu na kiasi vyote viwili vilingane ndipo ufute. Na siku zijazo pakua mwezi kamili kwa mwezi kamili, tarehe mosi hadi ya mwisho, faili zisikanyagane.

Kuhusu hii ya mwezi huu, njia fupi ni kurudi nyuma. GnuCash kila inapohifadhi huacha nakala ya zamani pembeni, jina lake likiwa na tarehe na saa. Fungua ile ya kabla ya kupakia mara ya pili, kisha uanze kuanzia 1 Novemba.

Neno moja la kazini: vitabu rasmi vya chama na mifumo mliyoelekezwa vibaki pale pale. Mkaguzi wa COASCO, shirika la kukagua vyama vya ushirika, hatakuja kukagua GnuCash yako. Hii iwe kioo chako cha kujitazamia kabla hajafika.

*Dada, salaam. Mimi ni mstaafu, niko Lindi mjini. Kijana amenionyesha programu ya simu inayokusanya akaunti zote za benki mahali pamoja, unaona pensheni, unaona akiba. Ni nzuri kwa macho. Inataka jina na neno la siri ninalotumia kuingilia benki. Anasema Ulaya wote wanafanya hivyo.*
Mstaafu, Lindi

Shikamoo kaka. Usiipe.

Ulaya hawafanyi hivyo, au tuseme walifanya, wakatungiwa sheria. Ile iitwayo PSD2 ilianza kutumika Januari 2018, na kufikia Septemba 2019 benki zilitakiwa ziwe na mlango maalumu wa kupitishia taarifa kwa kampuni zilizosajiliwa. Mteja anathibitisha kwenye ukurasa wa benki yake, anatoa ruhusa ya kutazama tu, na ruhusa hiyo anaweza kuifuta. Yule Mjerumani wa FinTS naye programu iko kwenye kompyuta yake mwenyewe, neno la siri haliendi kwa mtu wa kati. Wewe ukimpa kijana neno la siri, siku pesa ikitoka benki haina namna ya kujua kama ni yeye au ni wewe, na wewe ndiye uliyempa.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Anayekusanya taarifa zako anapaswa awe amesajiliwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na akueleze anazitakia nini. Muulize kijana swali hilo moja, kwa upole, kama unamuuliza bei ya pweza. Akibabaika una jibu.

Kama haja yako ni kuona pensheni na akiba pamoja, HomeBank itakutosha. Ni huria, ni nyepesi kuliko GnuCash, haikulazimishi pande mbili za hesabu, na inasoma OFX na CSV. Inakaa kwenye kompyuta yako, haiombi kitu.

*Habari ya kazi Shangazi. Nasoma chuo hapa Mtwara. Pesa zangu karibu zote ziko kwenye simu, benki naingia mara moja kwa mwezi. Naweza kuweka meseji za miamala kwenye GnuCash? Nimejaribu, inaonyesha natumia pesa nyingi kuliko ninazopata.*
Mwanachuo, Mtwara

Nzuri mwanangu. Nimecheka, kwa sababu hujafilisika, umejihesabia mara mbili.

Umetoa 50,000 benki kwenda kwenye simu, ukaiandika matumizi. Halafu kwenye simu ukanunua ming'oko, vocha na nauli, ukaandika matumizi tena. Ile 50,000 haijatumika ilipohama, imehama mfuko. Fungua ndani ya GnuCash akaunti mpya, iite Simu, iwe chini ya mali kama ilivyo benki. Kuhamisha kuandikwe kutoka Benki kwenda Simu. Kama benki ilikata 1,000 kwa kuhamisha, hiyo 1,000 peke yake ndiyo matumizi, nayo ipe akaunti yake: Makato. Baada ya miezi mitatu tazama jumla ya Makato. Mimi nilipoitazama ya kwangu niliacha kutoa elfu kumi kumi mara tano kwa wiki.

Meseji zenyewe zina kila kitu: namba ya muamala, kiasi, jina, tarehe, salio. Tatizo ni kwamba ni sentensi, na kampuni ikibadilisha maneno mawili ujanja wako wa kuzikata vipande unakufa. Omba taarifa ya miezi mitatu kwa kampuni ya simu, uliza kama wanaweza kutoa CSV. Kama unajua kuandika programu kidogo, mradi huo wa kuzigeuza meseji kuwa OFX, ile namba ya muamala ikikaa penye FITID, ungekufaa kwa kazi ya mwaka wa mwisho. Ukiumaliza uniletee, flashi ninayo.

*Shangazi, programu ya bure ikifa je? Si bora ya kulipia yenye kampuni kubwa nyuma yake?*
Mwalimu, Nachingwea

Mwalimu, Microsoft ilikuwa na programu ya hesabu za nyumbani iitwayo Microsoft Money. Mwaka 2009 ikaacha kuiuza. Kampuni kubwa kuliko hiyo utaitoa wapi?

Usiulize programu itaishi miaka mingapi, uliza daftari lako limeandikwa kwa lugha gani. Faili la GnuCash kwa kawaida ni maandishi ya XML yaliyobanwa. Ukiyabandua unayasoma kwa macho, na mtu mwingine anaweza kuandika programu ya kuyafungua hata kama wa mwanzo wote wamelala. Hata hivyo mara moja kwa mwaka, 31 Desemba, mimi natoa pia CSV ya kila akaunti na kuiweka kwenye flashi mbili, moja iko kwa dada yangu Mnazi Mmoja.

*Shangazi, nimepata hiyo OFX benki, wamenitumia kwa barua pepe. Nije steshenari kwako unichapie bei gani?*
Mfanyabiashara, Tandahimba

Njoo, lakini usije kuchapa. Ukiichapa utaona TRNAMT na FITID kurasa arobaini, na benki wataikataa kwa kuwa haina mhuri. Njoo na kompyuta yako, tuipakie. Ni dakika kumi, sichaji, ila uje asubuhi kabla wanafunzi hawajajaa kutoa kopi za vyeti.